Mihimili Iliyolala

Mama hakukataa kuzivuta nyavu ziwe mraba. Hakuambiwa. Mimi ndiye niliyetumwa kumwambia, mimi ndiye niliyenyamaza, kisha nikarudi shuleni Musoma na kumweleza mwalimu wangu wa hesabu, macho kwa macho, kwamba mama amegoma. Tangu siku hiyo nimeulizwa habari hii na dada zangu, na wanafunzi wenzangu wa zamani, na mume wangu ambaye ni mhasibu na hapendi hadithi yenye pengo. Nimewajibu wote vilevile: mama alikataa, si mnamjua mama. Na kwa kuwa wote wanamjua mama, hakuna aliyeniuliza swali la pili.

Nikiwa hapo kwenye kukiri, niongeze jingine dogo. Kwenye mikusanyiko ya waandishi nina tabia ya kusema kwamba mimi na hesabu tuliachana mapema. Watu hucheka, na mmoja wao husema hata yeye hawezi kugawanya bili ya chakula. Ni uongo mzuri, unanipatia marafiki. Ukweli ni kwamba nilizipenda hesabu kama wenzangu walivyowapenda wavulana wa shule ya jirani, kwa aibu na kwa siri, na mara moja katika maisha yangu nilizipigania hadi Bunda na kurudi.

Miaka ile nchi ilikuwa imekauka. Nilikaa Kitaji, mjini Musoma, kwa shangazi, ambaye aliamka mapema kila siku kwenda kupanga foleni kabla hajajua foleni ni ya nini. Sabuni hakuna, sukari hakuna, mafuta ya taa kwa bahati. Shuleni chaki ilikatwa vipande kama muhogo. Na katika hali hiyo alitujia mwalimu wa hesabu, dada mrefu wa Butiama, binti wa wafugaji, ametoka chuo kikuu na viatu jozi moja. Alifundisha kwa Kiingereza viatu vya mkuu wa shule viliposikika kwenye varanda, na kwa Kiswahili vilipopotelea mbali. Tulijifunza kumsikiliza mkuu kwa miguu yake.

Alitufundisha seti kwa namna ambayo sijawahi kuisahau.

"Seti A," alisema, "ni watu waliopo kwenye foleni ya duka la ushirika asubuhi hii. Nani ana mtu wake huko?"

"Shangazi yangu, Madam!"

"Shangazi yumo. Seti B ni vitu vilivyomo ndani ya duka. Haya, nitajieni."

Rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja akanyoosha mkono.

"Muuzaji, Madam."

"Muuzaji hauzwi. Kitu kingine?"

"Mizani."

"Na mizani haiuzwi. Basi B ni tupu. Sasa, zao la A na B ni jozi zote mnazoweza kupata mkichukua mtu mmoja kutoka A na kitu kimoja kutoka B. Shangazi na sabuni, shangazi na sukari, jirani na sabuni, hivyo hivyo. Kuna jozi ngapi?"

"Hakuna, Madam."

"Nikiongeza watu, foleni ikafika Bunda?"

"Hakuna!"

"Ikivuka Bunda?"

"Hakuna, Madam, warudi tu nyumbani!"

"Vizuri. Mmeelewa jambo ambalo wakubwa wengi hawajaelewa. Hilo la mwisho msiandike."

Siku ya pili akatufundisha kwamba katika jozi, nani anatangulia ni jambo zito. Alichukua mfano wa kwao. Seti ya kwanza wachumba, seti ya pili ng'ombe. Andika mchumba kwanza, ng'ombe wa pili, na kila mtu anaelewa kinachofanyika. "Geuza," alisema, "na sasa ni ng'ombe amefika kwa baba yako, amevaa koti, anatoa mahari ya kijana mmoja mwembamba." Tulicheka hadi mkuu akaja kuchungulia, na mwalimu akaendelea kwa Kiingereza bila kumeza mate.

Kisha akachora mstari mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama, akaiita mihimili, akasema hii ni seti ya namba na hii ni seti ya namba, na zao la hizo mbili ni ubao huu wote, na uwanja ule wote nje, na ziwa, hadi kusikokuwa na mwisho. Kila mahali pana jina, na jina lake ni jozi ya namba. Sijui wenzangu walisikia nini. Mimi nilisikia habari njema. Kwetu Bukima ukimwuliza mtu nyumbani kwa fulani ni wapi, anakujibu kwa ugomvi: nenda mpaka pale walipopigania mpaka wa shamba, pinda kwenye nyumba ya yule aliyemfukuza mkewe, ukiona watu hawakusalimii ujue umefika. Na hapa kulikuwa na namna ya kumwelekeza mtu bila kumsengenya yeyote. Mbili huku, tatu kule, umefika. Nililala na wazo hilo kama mtoto analala na pipi shavuni.

Sasa, darasa letu lilikuwa la hesabu za ziada, wasichana wachache tu, na mkuu wa shule alitaka kulifunga. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mwalimu mmoja wa hesabu na shule nzima ya kufundisha, na darasa moja lililokula vipindi vingi huku watoto wa kidato cha kwanza wakikaa bila mwalimu. Mwalimu wetu akapigana naye ofisini mlango ukiwa wazi, tukasikia yote. Mwishowe wakakubaliana. Kulikuwa na mtihani wa pamoja wa shule za mkoa, unafanyika Bunda na kusahihishwa hukohuko. Darasa letu likipata wastani wa nusu ya alama, litaendelea. Likishindwa, tutahamia ushonaji, na hesabu za ziada zitakuwa historia. Kushona sikukuchukia. Ila nilikwishapata kujua kwamba kila mahali pana jina, na hakuna aliyeniambia kwamba cherehani ingenifundisha zaidi ya hapo.

Tatizo lilikuwa karatasi za grafu. Hazikuwepo, kama sabuni. Mwalimu alitufundisha kuchora miraba kwa rula kwenye karatasi tupu, lakini rula zenyewe zilikuwa vipande vya mbao vilivyokatwa kwa kisu, na miraba yetu ilitoka kama paa la kibanda baada ya upepo. Jumamosi moja alipita ufukweni Musoma akaona wavu umeanikwa, akasimama. Jumatatu akauliza darasani: nani anatoka kwa wavuvi?

Nilinyoosha mkono hadi sikioni, si zaidi. Nilikuwa nimejitangaza mtu wa Kitaji.

"Mama yako anajua kufunga nyavu?"

"Anajua, Madam." Hapo nilijisahau kidogo. "Wanamletea hata wa vijiji vingine."

Akanieleza anachotaka. Vipande vya wavu mkuukuu wa matundu madogo, kila kimoja kikazwe kwenye fremu ya matete ya ukubwa wa daftari. Tutalaza fremu juu ya karatasi tupu, na kwenye kila fundo la wavu tutatoboa kwa mwiba wa mgunga, kwa kuwa hata pini hazikuwepo. Kila msichana atakuwa na grafu yake, haiishi wala hailowi. "Lakini mwambie mama," akasema, "matundu ayavute yawe mraba. Pembe tisini. Usisahau hilo."

Sikusahau. Nililibeba njia nzima hadi Bukima, na nilipomkuta mama uani, wavu umetandazwa magotini hadi mlangoni, likaninasa kooni.

Nieleze kwa wasiojua. Wavu haufungwi ukiwa umenyooshwa. Unachukua wavu mrefu na kamba fupi, unaukusanya kidogokidogo unapoufunga kwenye kamba, ili ukining'inia majini kila tundu liwe limesinyaa, refu kwa juu na jembamba ubavuni, kama jicho la mtu anayekushuku. Hapo samaki akijisukuma, uzi unamlegea na kumkumbatia. Ukiuvuta tundu likawa mraba, umekaza kama ukuta, samaki anaugusa, anageuka, anakwenda kuwaeleza wenzake. Kijana mmoja wa kwetu alifunga hivyo mara moja, na ufukwe mzima ukamwuliza mechi ni lini, kana kwamba amefunga wavu wa goli. Kwenda kumwambia mama yangu afunge matundu ya mraba kulikuwa sawa na kumwambia padri aanze misa kwa baraka za mwisho. Na nilikuwa msichana wa sekondari ambaye tayari alishukiwa kwamba anajiona.

"Mwalimu wenu anataka kuvua nini?" mama aliuliza nilipomweleza juu ya fremu.

"Namba, mama."

"Namba za inchi ngapi?"

"Ndogo ndogo."

Akacheka peke yake kwa muda. Kisha akauliza, uzi mdomoni, "Nifunge tu kama tunavyofungaga? Au kuna alivyosema vingine?"

"Hapana," nikasema. "Kama mnavyofungaga."

Ndiyo hiyo. Neno moja, na baada yake nikaenda kuchota maji.

Mama alitumia wavu wa nyuzi zilizofumuliwa kwenye matairi, maana nyuzi za dukani nazo zilikuwa katika ile seti tupu. Ulikuwa mgumu, haukulegea hata kidogo kwenye fremu, na matundu yote yamelala sawasawa, mazuri kuyatazama. Nilizipeleka Musoma ndani ya gunia lililonuka sato. Mwalimu alipanga fremu moja mezani, akaitazama, akaizungusha, akaitazama tena.

"Mama yako hakuelewa?"

Hapa ndipo ningeweza kusema kweli. "Alikataa, Madam."

"Alikataa? Alisemaje?"

Nikaazima sauti ya mama, ambayo ninaiweza vizuri. "Alisema wavu wa mraba haushiki."

Mwalimu akacheka hadi akaketi. Kisha kicheko kikamwisha usoni polepole, akabaki anaitazama fremu kwa namna ambayo nilikuwa nimewaona wafugaji wakimtazama ng'ombe wa mtu mwingine. Nyuzi za wavu zilikwenda pande mbili, zote zimelala, moja ikipanda kulia na nyingine ikipanda kushoto, kama mkasi uliofunguliwa. Akachukua mwiba. Akachagua fundo moja la katikati, akaliita sifuri. Akahesabu matundu mawili kufuata mkono huu wa mkasi, matatu kufuata ule, akatoboa. Akaendelea kutoboa hadi kengele ikalia na hakusikia.

Siku iliyofuata alisimama mbele yetu kama mtu aliyepokea barua.

"Nani alisema mihimili lazima ikutane kwa pembe tisini?"

"Wewe, Madam."

"Mimi. Na kwa nini nilisema?"

Tukafunua madaftari kutafuta.

"Kwa sababu na mimi niliambiwa. Leteni nyavu."

Wiki zile ndizo zilizokuwa bora kuliko zote nilizosoma mahali popote, na nimesoma hadi nimechoka. Tuliinamisha vichwa, tukajifunza dunia iliyolala. Mstari ulionyooka ulibaki umenyooka. Mistari miwili iliyopaswa kukutana kwenye mbili na tatu ilikutana palepale, kwenye mbili na tatu. Katikati ya nukta mbili palibaki katikati. Mduara peke yake ndio ulioharibika, ukawa yai, na mwalimu akatuonya juu ya rula. "Wavu huu unajua mahali," alisema, "haujui mwendo. Ukitaka umbali, usipime kwa rula, rula itakudanganya." Tuliandika. Kumbe kuandika si kushika.

Siku ya mtihani tulipanda lori la pamba lililokuwa likirudi tupu Bunda. Kiabakari injini ikachemka, dereva akaomba tushuke ipoe, nasi tukakaa kando ya barabara tukiulizana jozi, nyavu zetu kwenye gunia. Mama mmoja muuza karanga akauliza kama tunauza dagaa.

Ukumbini Bunda msimamizi alitangaza kwamba karatasi za grafu hazikufika, kila mtu achore kwa rula. Ukumbi mzima ukaguna. Sisi tukafungua gunia. Harufu ikatangulia.

"Hee, hawa wamekuja na mboga," mvulana wa nyuma yetu akasema.

"Ya kwenu ni maboga?" rafiki yangu akamjibu bila kugeuka. "Ndiyo maana mnachora mviringo."

"Dada, nikopeshe kichwa cha samaki nipate akili."

"Kichwa kimoja hakitakutosha, kaka yangu."

Msimamizi akagonga meza. Tulilaza nyavu, tukashika miiba, na kwa muda mrefu ukumbini palisikika rula za watu zikiteleza na miiba yetu ikitoboa, tik, tik, tik. Swali la grafu lilisema: tumia grafu kupata x na y, ikiwa jumla yake ni tano, na mara mbili ya x ukiitoa y inabaki moja. Mistari yangu ilikatana juu ya fundo kabisa. Mbili, tatu. Nilitaka kupiga kigelegele.

Matokeo yalipofika, mkuu wa shule alituita na kuyasoma kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake. Maswali yote ya grafu tulikuwa tumepewa sifuri, darasa zima. Kwenye kila karatasi msahihishaji aliandika kwa kalamu nyekundu: Mihimili imelala. Mtahiniwa hajui grafu. Wastani wetu ukaanguka chini ya nusu.

"Makubaliano ni makubaliano, Mwalimu," mkuu alisema.

"Ni makubaliano, Mkuu. Nipe ruhusa ya siku moja niende Bunda."

"Kufanya nini?"

"Kumwuliza huyo mtu kama anajua grafu."

Akanichukua mimi, kwa sababu, alisema, wewe ndiye mwenye nyavu. Njia nzima nilikuwa naandaa kukiri kwangu. Tulipovuka Kiabakari nilikuwa nimefika kwenye sentensi ya kwanza. Bunda tulipoingia, ilikuwa bado ipo mdomoni.

Mwenyekiti wa wasahihishaji alikuwa mzee wa miwani iliyofungwa kwa uzi sikio moja. Alitupokea kwa heshima, akatupa viti, akasema ameumia lakini grafu ni grafu: mhimili mmoja umelala, mwingine umesimama wima.

"Swali halikusema hivyo, Mzee," mwalimu akajibu. "Swali lilisema tumia grafu kupata x na y. Binti huyu alipata. Mwambie akuonyeshe."

Nililaza wavu kwenye meza yake, juu ya magazeti. Vidole vinakumbuka kazi hata mwenyewe akiwa na hofu. Nikaonyesha sifuri. Nikahesabu matundu, nikatoboa nukta za mstari wa kwanza, zikanyooka. Nikatoboa za mstari wa pili.

"Zimekatana wapi?" akauliza.

"Mbili huku, tatu kule, Mzee."

"Geuza huo wavu."

Nikaugeuza.

"Na sasa?"

"Mbili, tatu. Hata ukiulaza zaidi, Mzee. Ukiubana hivi, ukiuachia hivi." Nikabinya pembe za fremu; matete yakalia, matundu yakasinyaa, fundo likasogea na namba zake. "Mahali panahama, lakini jina lake halihami."

Hilo sikuwa nimefundishwa. Lilitoka lenyewe, na nikaona mwalimu wangu akigeuza uso kuelekea dirishani, kama mtu aliyeona ndege.

Mzee akavua miwani, akaivaa, akachukua mwiba kutoka mkononi mwangu. Akajaribu mistari yake mwenyewe, ya kututega. Ikakutana ilipopaswa. Akajaribu mingine. Kisha akapata swali lingine kwenye karatasi yangu, la umbali kati ya nukta mbili, akaniangalia juu ya miwani.

"Hapa ulipimaje?"

"Kwa rula, Mzee."

"Na rula hapa inafaa?"

"Haifai. Nilikosa. Hilo nilikosa kwa haki."

Nadhani hapo ndipo tulipompata. Alicheka kwa kifua. "Na kwa nini lakini," akauliza, "mkalaza mihimili? Dunia nzima inasimamisha."

Mwalimu akanitazama, akisubiri. Ilikuwa nafasi nyingine safi kabisa ya kusema kweli. "Wavu wa mraba haushiki, Mzee," nikasema.

Akasema hawezi kubadili alama za mkoa peke yake. Yupo mtu aliyemfundisha yeye chuo kikuu, atamwuliza kwa barua na kwa simu, na jibu litakalotoka atalisema mwenyewe kwa kupiga simu Musoma, ofisini kwa mkuu. Tungoje.

Tukangoja. Mkuu hakungoja sana. Alitupangia vipindi vya ushonaji, tukawa tunapinda pindo huku masikio yakiwa ofisini. Na katika kungoja huko maduka yakaanza kujaa. Kwanza sabuni za rangi ambazo hatukuwa tumeziona, kisha nguo za mitumba, redio, baiskeli, nyuzi za nailoni za kila unene. Foleni ya shangazi ikayeyuka, akawa hajui afanye nini na asubuhi. Siku moja mwalimu alituona tumesimama mbele ya duka tukishangaa, akasimama nasi.

"Seti B imejaa," akasema. "Haya, zao lake na sisi?"

Tukatazamana, tukatazama mifuko yetu.

"Bado tupu, Madam."

"Basi mmefaulu somo la leo."

Mama ndiye aliyekuja kuvuruga kungoja kwetu. Alikuja Musoma kununua hizo nyuzi za nailoni, akapita kwa shangazi, na shangazi akamweleza kwa ufupi na kwa makosa kwamba nyavu zimefeli mtihani. Hakuvua hata kanga ya safari. Nilimwona kutoka chumba cha ushonaji akikata uwanja wa shule, kapu la samaki mkononi, anatembea kama anakwenda kuamua kesi. Nikatupa sindano, nikamfuata. Mwalimu naye akanifuata. Tulimkuta ameshaingia ofisini na ameshamaliza salamu.

"Nimesikia nyavu zangu zimefeli. Nani kasema?"

"Karibu ukae, mama," mkuu alisema. "Si nyavu. Ni namna zilivyofungwa."

"Zimefungwa vizuri."

"Kwa samaki, ndiyo. Lakini mwalimu alikuagiza uzivute mraba. Naomba nikuulize bila ugomvi: kwa nini ulikataa?"

"Nilikataa?"

Mama akageuka kunitazama. Sijui kama umewahi kutazamwa na mtu anayejua kila tundu la wavu lilivyo na anatafuta lililokatika. Mwalimu naye akanitazama, kwa sababu sasa alikuwa anaanza kuhesabu. Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo.

Simu ikalia.

Simu ile ilikuwa hailii. Ilikuwepo mezani kama sanamu, na mkuu mwenyewe aliruka. Akainyakua.

"Haloo! Musoma hapa! Haloo!... Ndiyo, Mzee, ni mimi. Sauti inakatika!... Ndiyo, wapo. Wote wapo." Akaziba simu kwa kiganja, akatuambia, "Ni Bunda," kana kwamba hatukujua. "Haloo! Sema tena, Mzee... Hakuna sharti... Hakuna sharti la pembe tisini." Alikuwa anarudia kila neno kwa sauti ya kwaya, na nyuma yangu nikasikia viti vya chumba cha ushonaji vinaanguka na miguu inakuja mbio varandani. "Ilimradi mihimili isilaliane, iwe miwili kweli... jozi moja, mahali pamoja... majibu ni sahihi. Yote?... Isipokuwa la umbali. Waliopima kwa rula wamekosa, hawarudishiwi. Ndiyo, Mzee. Hilo ni haki. Na wastani?" Dirishani palikuwa na vichwa juu ya vichwa. "Umevuka nusu. Narudia: umevuka nusu!"

Kelele zilizotoka varandani sijazisikia tena hata kwenye harusi yangu. Rafiki yangu wa dawati alipiga kigelegele kimoja kikamfikisha kwenye kikohozi. Mtu alirusha kitambaa cha mto nilichokuwa nimekishona kwa wiki nzima, nacho kikaning'inia kwenye mti, na kwa habari nilizo nazo hakikushushwa. Mwalimu alikuwa ameegemea kabati la mafaili, amefumba macho, anacheka bila sauti.

"Kimya! Kimya, bado anasema!" Mkuu akaibana simu sikioni. "Ndiyo, Mzee... Nani? Anauliza..." Akatutazama mmoja mmoja. "Yule mtaalamu wa chuo anauliza, nani aliyefunga hizo nyavu? Anasema mtu huyo ana kichwa. Anataka kujua kama aliambiwa azilaze au alizilaza mwenyewe."

Mama akaweka kapu la samaki juu ya mafaili ya mkuu, akanitazama mara moja tena, safari hii kwa kifupi, kama mtu anayekata uzi uliobaki, akanyoosha mkono akachukua simu. Aliishika juu chini, mkuu akamgeuzia.

"Haloo!" akapiga kelele, kwa sauti ya kuvuka ghuba bila kuhitaji waya. "Ndiyo mimi, mama wa huyu binti! Waliniambia nivute mraba, baba, nikakataa! Kabisa! Nikawaambia, wavu wa mraba haushiki!"